Mtoto anaanza kidato cha tano Uingereza Septemba 2021 na korona haijaisha: mzazi uanzie wapi

Matokeo ya GCSE (mitihani ya mwisho wa Mwaka wa 11) yametoka tarehe 12 Agosti 2021, na tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Wazazi wenzangu wa hapa Reading, na wengine wa Leicester na London, wananiuliza yale yale. Mbona ratiba ya mtoto ina nafasi tupu? Mbona kabadilika, hataki hata kutoka chumbani? Anajipima korona vipi? Nauli naipata wapi? Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka, kwa hiyo nimeona niandike yote mahali pamoja.

Mimi si mwalimu wala mshauri wa elimu. Ni mama ninayefanya kazi ya kuhudumia wazee, nyingi zikiwa zamu za usiku, na binti yangu wa kwanza alianza Septemba 2020, mwaka ule wa vurugu. Tuliteleza sana. Mdogo wake anaanza wiki ijayo, na ninayoandika hapa ndiyo ninayoyafanya safari hii. Yanahusu England, mwisho wa Agosti 2021. Scotland ina mfumo wake kabisa, na Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao za hela na za korona.

Tuelewane kwanza juu ya majina. Wanachokiita hapa sixth form ni Mwaka wa 12 na wa 13, yaani kidato cha tano na cha sita. Aliyesoma Tanzania au Uganda atashika haraka. Aliyesoma Kenya baada ya 8-4-4 kuingia huenda A-level (masomo na mtihani wa kidato cha tano na sita) hakuiona kabisa. Tofauti kubwa na kwetu ni kwamba hakuna tahasusi zilizopangwa kama PCB au HKL: mtoto anachagua mwenyewe, kwa kawaida masomo matatu, na mtihani wote unakuja mwishoni mwa miaka miwili. Wengine wanachukua BTEC (kozi za mwelekeo wa kazi), na tangu Septemba 2020 kuna T Level pia, zenye mafunzo ya kazi ndani yake.

Sasa angalia watoto wa mwaka huu wametoka wapi. Machi 2020 shule zilipofungwa walikuwa Mwaka wa 10. Januari 2021 zilipofungwa tena, mpaka tarehe 8 Machi, walikuwa Mwaka wa 11. Wamepigwa mara mbili, katika miaka ile ile miwili ya GCSE. Alama wamepewa na walimu wao, na ukumbi wa mtihani wa GCSE hawajaukalia hata siku moja. Kwa hiyo anayeingia kidato cha tano Septemba hii hakukosa mada tu. Amekosa mazoea: kuamka na kutoka, kukaa darasani saa nzima, kumuuliza mwalimu uso kwa uso, kuzoeana na watu wapya. Binti yangu alipoanza nilidhani kazi yangu ni kumhimiza asome. Kumbe kazi ya mwanzo ilikuwa kumsaidia azoee tena kuwa mwanafunzi.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua ya kukubaliwa shuleni au chuoni, pamoja na ratiba ikishatoka.
- Karatasi ya matokeo ya GCSE. Aliyekosa daraja la 4 la Kiingereza au Hisabati atalazimika kuendelea na somo hilo, kwa hiyo ujue mapema.
- Akaunti ya benki kwa jina la mtoto mwenyewe.
- Barua za Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) za miezi mitatu ya karibuni, au hati za mshahara. Utaombwa ukitafuta msaada.
- Laptopu au kompyuta inayofanya kazi. Simu haitoshi kuandikia insha ya kurasa nne.
- Boksi la vipimo vya korona vya nyumbani. Mwaka 2021 shule zilitoa, na duka la dawa lilitoa bure.
- Anwani yako ya barua pepe unayoifungua kila siku, iliyosajiliwa shuleni. Mwaka jana shule ilikuwa na anwani yangu ya zamani. Barua tano za mwalimu zilikaa huko miezi miwili, na mimi nikidhani kimya maana yake mambo ni shwari.

Na kama ulikuwa unawaza kumpeleka mtoto nyumbani siku za mwisho wa likizo ya 2021, ilikubidi usimame kwanza. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwa kwenye orodha nyekundu ya nchi za kuwekewa karantini. Kurudi maana yake ilikuwa siku 10 za hoteli ya karantini, na tangu tarehe 12 Agosti 2021 bei ya mtu mzima mmoja ilikuwa pauni 2,285. Mtoto angekosa wiki za mwanzo, ambazo ndizo zenye thamani kuliko zote.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya karatasi na hela

Anza na Child Benefit (hela ya serikali anayolipwa mzazi kwa ajili ya mtoto), maana ina tarehe. Mtoto akishafika miaka 16, malipo hukatwa tarehe 31 Agosti inayofuata usipowaambia HMRC (mamlaka ya kodi) kwamba anaendelea na masomo ya kutwa. Hutuma barua, na unaweza kujibu mtandaoni kwa dakika chache. Ukipokea Universal Credit, toa taarifa huko pia.

Kisha uliza shuleni kuhusu 16 to 19 Bursary Fund, hela ya msaada kwa wanafunzi. Taja jina hilo hilo. Wengi wetu hatujawahi kulisikia, na hela haiji yenyewe, lazima uombe. Kijana aliye chini ya uangalizi wa halmashauri, aliyetoka huko, au anayepokea mwenyewe baadhi ya misaada ya serikali anaweza kupata hadi pauni 1,200 kwa mwaka. Wengine wote shule yenyewe ndiyo huamua, kwa kuangalia kipato cha nyumbani: nauli, vitabu, vifaa, wakati mwingine chakula. Omba wiki ya kwanza, kabla fungu halijapungua.

Chakula cha bure nacho hakiishi akiwa na miaka 16, ila ukibadilisha shule unaanza maombi upya. Wakati wa korona walifungua mlango hata kwa baadhi ya familia ambazo visa yao hairuhusu msaada wa serikali, kwa hiyo usijikatie tamaa kabla hujauliza. Anayeishi London aombe kadi ya 16+ Zip Oyster, inayompa mabasi bure. Nje ya London ulizia halmashauri yako.

Hatua ya 2: Mtafutie kona yake

Najua fleti zetu. Vyumba viwili, watu watano, televisheni na mtoto mdogo. Sisemi umpe chumba. Mpe mahali pamoja na saa zinazojulikana na kila mtu ndani ya nyumba. Kwetu ni ncha ya meza ya jikoni, upande wa dirishani, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Saa hizo hakuna anayekaanga wala kupiga simu ya video hapo. Nilinunua vizibo vya masikio vya rangi ya chungwa, vile vya mafundi, na vimesaidia kuliko vile vya bei kubwa.

Hakikisha laptopu inafungua Teams au Google Classroom (programu za masomo ya mtandaoni) kabla ya siku ya kwanza. Kama huna, mwambie mwalimu sasa hivi. Serikali ilitoa laptopu kupitia shule wakati wa korona, na huenda shule bado ina ya kuazimisha. Binti yangu alikaa wiki tatu akisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kwa sababu aliona aibu kuomba. Usisubiri mtoto aombe, omba wewe.

Hatua ya 3: Isomeni ratiba pamoja

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia. Somo moja la A-level huwa na saa nne au tano darasani kwa wiki. Masomo matatu, basi, ni saa 12 hadi 15. Mzazi anaona mtoto yuko nyumbani Jumanne saa sita mchana na anahisi amekwepa shule. Hajakwepa. Zile nafasi tupu ni sehemu ya masomo, ni saa za kusoma mwenyewe, na walimu wengi wanatarajia saa moja ya kujisomea kwa kila saa ya darasani.

Fanya hivi. Ichapishe ratiba, au iandike kwa mkono. Kaeni naye na kalamu mbili za rangi. Ya kwanza izungushie vipindi vya darasani. Ya pili ijaze nafasi tupu kwa jina la somo, si kwa neno "kusoma" tu: Jumanne saa tano, Kemia, maktaba. Jumatano saa nane, insha ya Historia. Acha nusu siku moja wazi kabisa, ya kupumzika. Ratiba ya mwanangu huyu mdogo anayeanza sasa ipo kwenye friji, na mimi nikirudi kutoka zamu asubuhi nitajua yuko wapi bila kumpigia.

*Tahadhari:* usimjazie zile saa na kazi zako. Kumwambia ampeleke mdogo wake, apokee mzigo, amtafsirie bibi hospitalini, kisa "hana kipindi", ndiko kulikommaliza binti yangu muhula wa kwanza. Na ilikuwa mimi niliyemtuma.

Hatua ya 4: Mjue mtu mmoja shuleni kwa jina

Usihangaike kuwajua wote. Tafuta mwalimu mlezi wa mtoto, au mkuu wa kidato cha tano na sita, na umwandikie barua pepe fupi wiki ya kwanza. Iwe na mambo manne: wewe ni nani, mtoto ni nani, nyumbani kuna nini cha kujua, na ni njia ipi rahisi ya kukupata. Mimi nimeandika kwamba nafanya zamu za usiku na napokea simu baada ya saa nane mchana, na kwamba mwanangu alimpoteza babu yake mwezi wa pili na mazishi aliyaona kwenye simu.

Hilo la msiba naomba nilirudie. Familia nyingi za kwetu zimezika watu mwaka huu kwa Zoom, mtoto yuko sebuleni Reading na kaburi liko Tanga au Bukavu. Anarudi shuleni kesho yake na hakuna anayejua. Mwalimu asipojua, ataona mtoto mvivu. Mwambie.

Kama Kiingereza chako hakijakaa sawa, omba mkalimani. Usimfanye mtoto mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Hata mtoto mkweli ataruka sentensi.

Hatua ya 5: Panga mambo ya korona nyumbani

Hali ilivyokuwa mwisho wa Agosti 2021:

Mwanafunzi akirudi, alitakiwa kupimwa mara mbili shuleni, siku tatu hadi tano kati ya kipimo na kipimo. Baada ya hapo alitakiwa kujipima nyumbani mara mbili kwa wiki. Sisi tuliweka Jumapili jioni na Jumatano jioni. Kipimo kilikaa karibu na miswaki, kwa sababu kikikaa kabatini kinasahaulika. Ulisubiri dakika 30, na matokeo uliyatuma mtandaoni hata kama ni mstari mmoja, yaani hana korona.

Mistari miwili, yaani anayo: alibaki nyumbani na kufanyiwa PCR (kipimo cha maabara). Ikithibitishwa, alijitenga siku 10. Kuanzia tarehe 16 Agosti 2021, aliye chini ya miaka 18 na nusu hakulazimika kujitenga kwa sababu tu amekaa karibu na mgonjwa. Alishauriwa kupima PCR, na akiwa hana dalili aliendelea kwenda shule. Yale makundi ya mwaka 2020, ambapo mmoja akiugua darasa zima linarudishwa nyumbani wiki mbili, yalikuwa yameondolewa. Kanuni hizi zimebadilika mara nyingi, kwa hiyo soma barua ya shule yako na usitegemee ujumbe unaozunguka WhatsApp.

Chanjo: wenye miaka 16 na 17 waliitwa Agosti 2021 kwa dozi ya kwanza. Mtoto wa miaka 16 ana haki ya kukubali mwenyewe. Kaa naye mzungumze kwa utulivu, na maswali myapeleke kwa daktari au mfamasia. Nimewaona watoto wakichanja kwa siri kwa kuogopa wazazi, na wengine wakikataa kwa siri. Hali zote mbili zinaacha ufa ndani ya nyumba.

Mwaka 2021, mzazi aliyetakiwa kujitenga, asiyeweza kufanya kazi akiwa nyumbani na mwenye kipato kidogo, aliweza kuomba malipo ya pauni 500 kupitia halmashauri. Haikufaa kwenda kazini na dalili kwa hofu ya mshahara kabla ya kuomba.

Hatua ya 6: Andikeni orodha ya mapengo

Alama ya GCSE ya mwaka huu wa 2021 inaonyesha alichofundishwa na kupimwa. Mada ambazo shule haikuzifikia hazionekani kwenye karatasi. A-level inaanza kama vile zote zilifundishwa.

Kila bodi ya mitihani, iwe AQA, OCR au Edexcel, ina orodha ya mada bure kwenye tovuti yake. Pakueni ile ya GCSE kwa masomo anayoendelea nayo tu. Aweke alama tatu: kijani, najua; njano, nimesikia; nyekundu, sijawahi kuiona. Usimsimamie akifanya hivyo. Akikuona umekunja uso atapaka kijani kila mahali.

Nyekundu za Hisabati na Kemia ndizo za kushughulikiwa kwanza. Asiyeweza kufungua mabano na kupanga upya fomula atazama Oktoba, si kwa sababu hana akili bali kwa sababu mwalimu hatarudi huko. Oak National Academy ina masomo ya video ya bure mpaka Mwaka wa 11, na BBC Bitesize pia. Nusu saa kwa siku, mada moja, kwa wiki sita. Na aulize shuleni kuhusu masomo ya ziada ya vikundi vidogo, mwaka 2021 kulikuwa na fungu la serikali kwa ajili hiyo.

Hatua ya 7: Angalia wiki sita za mwanzo

Kuanzia siku ya kwanza mpaka likizo ya katikati ya muhula mwishoni mwa Oktoba, jipe kazi moja: kuangalia. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Naomba nieleze tulivyokosea. Januari iliyopita, masomo yakiwa mtandaoni, nilitoka zamu saa tatu asubuhi nikalala. Nilipoamka saa tano nilimpelekea binti yangu chai. Laptopu ilikuwa wazi, sauti ya mwalimu inasikika, majina 20 kwenye kioo na kamera zote zimezimwa. Yeye alikuwa amejifunika duveti mpaka kichwani. Kikombe cha chai ya asubuhi kilikuwa pale pale kando ya laptopu, kimefunga utando wa maziwa. Nikamfokea. Nilisema maneno ya sisi tulisoma kwa kibatari, tulitembea kilomita nane. Alilia bila sauti. Ilipita miezi mitatu kabla hajaniambia kwamba tangu Septemba hakuna mwanafunzi hata mmoja wa darasa lile aliyekuwa akimjua kwa jina.

Kwa hiyo sasa naangalia haya: analala saa ngapi na anaamka saa ngapi. Anakula mchana au anarudi na chakula. Kuna jina jipya la rafiki analolitaja. Anajibu swali kwa sentensi au kwa mabega. Moja likikosekana siku mbili si neno. Mawili yakikosekana wiki mbili, mwandikie mwalimu mlezi.

Na maswali nimeyabadilisha. "Shule ilikuwaje?" hujibiwa "poa" na mazungumzo yanaishia hapo. Nauliza: leo umekaa na nani? Nani anafundisha vizuri? Kipi hukukielewa? Nauliza tukiwa tunakata vitunguu au ndani ya gari, maana macho yakiwa kwingine ulimi unafunguka.

*Maneno ya kuepuka kabisa:* "Alama hizo si mmepewa tu na walimu." Nimeisikia kwa wajomba, kwa wageni wa sebuleni, mpaka kwa mababa. Mtoto huyu alisoma miaka miwili katika hali ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kusoma ndani yake. Ukimnyang'anya alama yake, hana kingine cha kusimamia akikutana na mada ngumu. Usimlinganishe pia na binamu yake wa Birmingham. Na matokeo yake usiyatume kwenye kundi la ukoo kabla hajakuruhusu.

Hatua ya 8: Amua mapema kama somo halimfai

Shule nyingi huruhusu kubadilisha somo ndani ya wiki chache za mwanzo tu. Uliza tarehe ya mwisho na uiandike kwenye friji, kando ya ratiba. Wiki ya tatu mwulize: kuna somo unaloamka nalo vibaya? Akitaja, nendeni kwa mwalimu pamoja.

Hapa mzazi wa kwetu huwa mgumu, hasa akisikia "sitaki Kemia". Ndoto ya udaktari inatetemeka. Mimi nilimwambia binti yangu avumilie. Alivumilia mpaka Juni, na mtihani wa mwisho wa Mwaka wa 12 akaanguka. Mtihani huo ndio walimu wanautazama sana wakikisia alama za kupeleka chuo kikuu. Amebadilisha somo akiwa amepoteza mwaka.

Hatua ya 9: Mzoeshe mtihani

Hajawahi kukaa ukumbini. Mwanzisheni polepole. Karatasi za zamani ziko bure kwenye tovuti za bodi. Jumamosi moja kwa mwezi: meza tupu, simu iko kwako, saa ya ukutani, kalamu nyeusi, dakika zilezile zilizoandikwa kwenye karatasi. Hakuna muziki, hakuna kutoka. Mara ya kwanza mwanangu aliweka kalamu chini baada ya dakika 25, si kwa kukosa majibu, mkono ulimuuma. Miaka miwili alikuwa anachapa tu. Tumeanza na dakika 20 na tunaongeza.

Mambo yakienda kombo

*Asubuhi anasema tumbo linamuuma, kila Jumatatu.* Mpime korona, na ikiwa hana, usimwite mwongo. Wasiwasi huuma tumbo kweli. Mwombe mwalimu aanze kwa siku fupi: aingie kipindi cha pili, au afikie maktaba kwanza. Kumwacha nyumbani wiki nzima hurahisisha leo na kuifanya Jumatatu ijayo kuwa ngumu zaidi. Ikiendelea, nenda kwa GP (daktari wa familia).

*Hana marafiki.* Shule aliyotoka imebaki na wenzake, yeye yuko chuo kipya. Tafuta kitu kimoja cha kila wiki chenye watu walewale: mpira, kwaya, madrasa, timu ya mijadala. Rafiki huja kwa kuonana mara nyingi.

*Anaogopa kumletea bibi ugonjwa.* Nyumba yenye mzee mwenye kisukari au presha, mtoto hubeba hofu kimyakimya. Mwonyeshe mpango: bibi amechanjwa dozi mbili, dirisha linafunguliwa, tunanawa mikono mlangoni, vipimo ni Jumapili na Jumatano. Kisha mwambie wazi kwamba bibi akiugua halitakuwa kosa lake.

*Shule haijibu barua.* Tuma tena baada ya siku tano za kazi, safari hii kwa mkuu wa kidato, ukiambatisha ile ya kwanza. Kisha piga simu ofisini na uombe miadi. Andika tarehe za kila ulichotuma.

*Anasema hataki kuishi, au unaona alama za kujikata.* Usimpe hotuba wala usimwombee tu na kumwacha chumbani. Kaa naye, mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kama hatari ni ya sasa, piga 999 au mpeleke A&E (idara ya dharura ya hospitali). Kwa msaada wa haraka piga 111. Yeye mwenyewe anaweza kupiga Childline 0800 1111, au Papyrus 0800 068 4141, au Samaritans 116 123, au kutuma neno SHOUT kwenda 85258. Nimeziandika namba hizo nyuma ya mlango wa choo, ambako kila mtu anaziona bila kuulizwa anatazama nini.

*Anataka kuacha A-level.* Kisheria lazima abaki kwenye elimu au mafunzo mpaka miaka 18, lakini si lazima iwe A-level. Kabla hujajibu lolote, mwulize: ni somo, ni shule, au ni watu? Jibu la kwanza lina dawa yake kwenye hatua ya 8. La pili, kuna vyuo vingine vinavyopokea mpaka wiki za mwanzo za muhula, na kuna BTEC, T Level na uanagenzi wenye mshahara. La tatu ndilo linalochukua muda kulisema. Binti yangu alilisema ndani ya basi namba 17, amegeukia dirishani, tukiwa tumebakiza vituo viwili kufika nyumbani. Hatukushuka. Tulizunguka mpaka mwisho wa njia na kurudi.